Kupiga Picha kwa Mwanga wa Tochi

Tochi ya mkononi ni chanzo kidogo cha mwanga unaowaka mfululizo na unaoweza kuhamishwa upande wowote wakati picha inapigwa. Flashi iliyopachikwa juu ya kamera humulika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, tena kutoka mbele, hivyo uso wa mtu au ubao wa mlango hutoka bapa, bila kina, na kivuli chake huangukia nyuma yake kisikoonekana. Tochi hushikwa kando, juu, chini au nyuma ya kinachopigwa, na kazi yake huonekana kwa macho kabla kitufe hakijabonyezwa. Mpigapicha anasogeza mkono, anaona kivuli kinarefuka au kinafupika, na anasimama pale panapompendeza. Hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kujifunza tabia za mwanga, na gharama yake haizidi bei ya tochi moja ya dukani.

Udogo wa mwanga huo ni faida kubwa. Taa ya dari huangaza chumba kizima, kizuri na kibaya pamoja. Tochi huangaza kipande, na pale isipofika panabaki peusi. Nyaya za umeme ukutani, ndoo iliyosahauliwa pembeni, bango la duka la jirani, vyote hutoweka bila kufutwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza katika kazi hii ni kitu gani kiachwe gizani. Anayeanza huwa anamulika kila kona kwa kuogopa weusi, na picha yake hutoka kama iliyopigwa mchana wa mawingu. Weusi uachwe ufanye kazi yake.

Kanuni moja ya fizikia inatawala mambo yote yanayofuata. Umbali kati ya tochi na kitu ukizidi mara mbili, mwanga unaokifikia hupungua hadi robo. Ukizidi mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Tochi iliyo nusu mita kutoka shavuni mwa mtu hung'arisha shavu hilo, ilhali ukuta ulio mita tatu nyuma yake unapata takriban sehemu moja tu ya hamsini ya mwanga huo, na kwenye picha unakuwa mweusi. Anayetaka mandhari ya nyuma ipotee huisogeza tochi karibu na kinachopigwa. Anayetaka ionekane huirudisha mbali na kurefusha muda wa picha.

Tochi yoyote inafaa kuanzia, hata ile ya simu. Nguvu ya tochi hupimwa kwa lumeni, na wanunuzi wengi hukimbilia namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa vitu vya mezani, nyuso na milango, lumeni 100 hadi 300 zinatosha na kubaki. Kilicho muhimu zaidi ni tochi kuwa na ngazi za kupunguza mwanga, maana picha iliyoungua kwa mwanga kuzidi haina dawa. Hapa kuna mtego mmoja. Tochi nyingi za LED za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera huiona. Tochi ya namna hiyo ikizungushwa hewani huchora mstari wa vidoa badala ya mstari kamili, na picha ya shata ya haraka hutokea na milia ya giza. Kuitambua ni rahisi: iwashwe kwa ngazi ya chini, kisha itazamwe kupitia kamera ya simu. Milia ikionekana inatembea kwenye kioo, tochi hiyo itumike kwa nguvu yake kamili tu, na mwanga upunguzwe kwa kuizibia karatasi.

Umbo la mwanga nalo linahitaji kushughulikiwa. Tochi za kawaida hutoa duara angavu katikati na mwanga hafifu pembeni. Duara hilo huacha madoa kwenye picha, hasa likipita juu ya ukuta mweupe. Zile zinazovutwa kichwa ili kukusanya mwanga zina kasoro ya ziada, kwa kuwa zikivutwa hadi mwisho huchora ukutani mraba wa LED yenyewe. Karatasi ya kuokea mikate, ile inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho upande wa pili, ndiyo kifaa bora cha kulainisha. Kipande kimoja kilichofungwa kwa mpira mbele ya tochi kinatosha, na mfuko mweupe wa nailoni au karatasi ya shashi huweza kushika nafasi yake. Anayetaka kinyume, yaani mwanga mwembamba unaogusa sehemu ndogo tu, huviringisha kadi nyeusi ikawa bomba la urefu wa shubiri moja na kuivisha tochi. Bomba hilo lina faida nyingine itakayoonekana mbele: huficha kioo cha tochi kisionekane na kamera. Tochi zenye nguvu kubwa hupata moto wa kuunguza karatasi, kwa hiyo kwa hizo karatasi iwekwe mbele kidogo, isigusane na kioo.

Kuhusu rangi, LED nyeupe za bei ya kawaida hutoa mwanga wa ubaridi, kati ya Kelvini 6000 na 6500, wenye kuelekea ubuluu. Balbu za zamani za uzi ziko karibu na Kelvini 2700 hadi 3000, na mwanga wake ni wa manjano. Kandili na mshumaa viko chini zaidi, karibu na 1900. Kamera ikiachwa ijichagulie mizani ya rangi, itabadilisha rangi picha kwa picha kadiri tochi inavyohamishwa, na mfululizo mzima hautalingana. Mizani ifungwe kwenye namba moja, mathalani Kelvini 4500, na ibaki hapo usiku kucha. Tofauti za rangi si lazima zisawazishwe. Mtaa wenye taa za barabarani za rangi ya chungwa, na mbele yake kitu kilichomulikwa kwa LED baridi, hutoa picha yenye rangi mbili zinazoshindana vizuri. Anayetaka zifanane afunike tochi kwa plastiki ya rangi ya chungwa. Makaratasi ya peremende yanayopitisha mwanga hufanya kazi hiyo bila gharama.

Kamera yenyewe huandaliwa kwa namna ileile karibu kila mara. Huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya kiti kizito, kwa kuwa shata itakaa wazi kwa sekunde nyingi. Mfumo wa lenzi wa kuzuia mtikisiko huzimwa, kwa sababu kwenye stendi huweza wenyewe kuleta mtikisiko. Kipima muda huwekwa sekunde 2, au 10 kwa anayefanya kazi peke yake na anayehitaji nafasi ya kutembea hadi anapotaka kusimama. Kamera nyingi huishia sekunde 30. Kwa muda mrefu zaidi hutumika alama ya B pamoja na waya au rimoti ya kubonyezea, na shata hubaki wazi mpaka ifungwe. Simu nyingi za Android zina hali ya kitaalamu inayoruhusu kuchagua ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, na muda wa shata, mara nyingi hadi sekunde 30. Hiyo ndiyo ya kutumia. Hali ya usiku ya simu huunganisha picha nyingi fupi kwa hesabu zake yenyewe, na mwanga unaohamahama huivuruga. Watu wawili wenye simu mbili wana kila kitu: moja inapiga, nyingine inamulika.

Kulenga gizani ndiko kunakowakwamisha wengi, ilhali dawa yake ni tochi yenyewe. Kitu humulikwa kwa nguvu, kamera hulenga yenyewe, kisha fokasi huhamishiwa kwenye hali ya mkono ili isianze kutafutatafuta shata inapofunguka. Baada ya hapo stendi wala lenzi haiguswi tena.

Mazoezi mazuri ya kwanza ni kitu kidogo kilichowekwa mezani, chumba kikiwa na giza kamili. Dele la shaba la kahawa linafaa kuliko vingi, kwa kuwa lina mviringo, shingo nyembamba, mdomo uliochongoka na uso unaong'aa. Liwekwe juu ya kitambaa cheusi, pamoja na vikombe viwili na vipande vya kashata pembeni. Kamera iwe kwenye ISO 100, tundu la lenzi f/11, muda sekunde 8. Picha ya kwanza ipigwe na tochi tupu, ikitokea mbele. Dele litaonyesha nukta moja kali nyeupe tumboni na giza kila mahali pengine, kwa sababu shaba haipokei mwanga kama ubao unavyoupokea. Inarudisha sura ya kile kinachoiangaza, na kinachoiangaza hapa ni nukta.

Ndipo njia inabadilishwa. Karatasi nyeupe ya ukubwa wa A3 inasimamishwa upande wa kushoto wa dele, nje kidogo ya picha, na tochi inaelekezwa kwenye karatasi badala ya dele. Sasa shaba inaonyesha sura ya karatasi: ukanda mpana, laini, unaoteremka kutoka shingoni hadi kwenye kitako na kufuata mviringo wake wote. Tochi ikipandishwa na kushushwa taratibu juu ya karatasi ndani ya zile sekunde 8, ukanda unakuwa sawa toka juu hadi chini. Ikikaa zaidi juu, shingo inang'aa na kitako kinazama gizani. Sekunde mbili za mwisho zinatengwa kwa ajili ya kashata: tochi yenye bomba la kadi inamulika kutoka nyuma, ikiwa imeinama, na chembe za sukari na nazi zinaanza kumetameta. Picha tatu au nne za dele hili zinafundisha jambo ambalo maelezo marefu hayawezi kulifikisha, kwamba kila aina ya uso ina mwanga wake. Chuma, shaba na glasi vinataka karatasi pana. Mbao, udongo, nguo na vyakula vikavu vinataka mwanga wa ubavuni.

Mwanga wa ubavuni ndio silaha kuu ya tochi, na mahali pazuri pa kuuonea ni milango ya nakshi ya miji ya pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na katika miji yote miwili nakshi za milango ni kazi ya mikono iliyochongwa ndani ya ubao kwa kina kidogo sana. Jua la mchana likiipiga milango hiyo kutoka mbele, maua, kamba na mawimbi yaliyochongwa hugeuka kuwa mistari ya rangi tu. Usiku, tochi ikiwekwa karibu sambamba na ubao, kila ua linatupa kivuli chake na kina cha patasi kinarudi kuonekana.

Mlango mmoja hupigwa hivi. Kamera inasimama mbele, mita nne hivi kutoka kizingitini, ikitazama mfaa wa katikati kwa usawa ili miimo miwili isiinamie ndani. ISO 100, f/8, sekunde 30. Picha ya majaribio inapigwa bila tochi kabisa ili kujua taa za mtaa zinaleta mwanga kiasi gani. Mlango ukionekana wazi tayari, tundu linabanwa hadi f/11 au muda unapunguzwa, mpaka picha hiyo tupu iwe karibu nyeusi. Kisha mwenye tochi anasimama nje ya picha upande wa kushoto, ameegemea ukuta, tochi ya lumeni 100 hivi ikiwa mita moja na nusu kutoka mlangoni na mwanga wake ukisugua ubao badala ya kuupiga usoni. Kwa nguvu na umbali huo, kila sehemu inahitaji sekunde moja au mbili za mwanga, kutegemea weusi wa mti. Anaanza na boriti ya juu yenye maandishi, anateremka na mwimo wa kushoto, anapita kwenye mbao na misumari ya shaba, anapanda na mfaa. Mkono hausimami hata kidogo. Ukisimama, doa linabaki. Sehemu za mbali zinaongezewa muda, kwa sababu ya ile kanuni ya umbali. Mwimo wa kulia, ambao kutoka kushoto ungepata mwanga wa mbele, unaachwa nusu giza, au unamulikwa kwa sekunde mbili kutoka upande wake wenyewe.

Matokeo ya kwanza hayawi mazuri, na namna ya kuyasoma ni muhimu kuliko namba zilizotajwa. Misumari ya shaba ikiwa imeungua na kuwa myeupe mitupu, tochi ilikuwa karibu mno au karatasi ya kulainisha ilikosekana. Nakshi ikiwa bapa, mwenye tochi alisogea mbele bila kujua, kwani mwili huvutwa kuelekea kitu unachokitazama. Mstari mweupe ukikatiza picha, kioo cha tochi kiliigeukia kamera, na bomba la kadi ndilo dawa yake. Kivuli cha mtu kikionekana juu ya mlango, alipita kati ya kamera na sehemu iliyokuwa ikimulikwa, au alisimama mahali pamoja muda mrefu. Nguo nyeusi na mwendo usiokatika humfanya mtu asionekane hata akipita ndani ya picha, mradi mwanga usimguse. Kioo cha kamera usiku hudanganya, kwa kuwa jicho lililozoea giza huiona picha kuwa angavu kuliko ilivyo. Histogramu, ile grafu inayoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza katika picha, haidanganyi, na ndiyo ya kuaminiwa.

Nyuso za watu zinataka utaratibu tofauti. Mtu hawezi kutulia sekunde 30, kwa hiyo tochi hutumika kama taa ya kudumu na shata huwa ya haraka. Tochi ya lumeni 300 iliyofunikwa kwa karatasi, ikiwa mita moja kutoka usoni, huruhusu takriban 1/125 ya sekunde kwa f/2.8 na ISO 800 hadi 1600, na kamera inaweza kushikwa mkononi. Hatari kubwa hapa ni kamera kujipimia yenyewe. Ikiona nyuma kumejaa weusi, itadhani picha nzima ina giza na itaongeza mwanga, na uso utaungua. Vipimo viwekwe kwa mkono, au kamera iambiwe ipime nukta moja tu, shavuni.

Ngozi nyeusi hupendeza mno kwa tochi, na inasikitisha kuona namna inavyoharibiwa kwa kumulikwa kutoka mbele kwa nguvu, eti ionekane. Ngozi hiyo hujengwa na mng'ao wake: mstari wa mwanga juu ya mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye kingo za mdomo. Mng'ao huo huletwa na mwanga mpana kutoka ubavuni na nyuma kidogo. Tochi huelekezwa kwenye ukuta mweupe au kanga nyeupe iliyotandazwa kando ya mtu, na kinachomwangaza ni ukuta au kanga. Mafuta kidogo usoni husaidia. Upande wa pili ukiwa mweusi mno, karatasi nyeupe iliyoshikwa karibu na shavu hurudisha mwanga wa kutosha bila kuhitaji tochi nyingine. Mwanga kutoka chini ya kidevu hugeuza sura ya kila mtu kuwa ya kutisha, kwa hiyo utumike tu pale kitisho kinapotakiwa, kama katika picha za tamthilia.

Vyombo vya nyumbani hutoa vivuli vya aina yake. Tochi tupu isiyo na karatasi, ikimulika kupitia kawa, ungo wenye matundu au tenga, hutupa ususi wake usoni au ukutani. Nukta ya mwanga ikiwa ndogo, kingo za kivuli huwa kali, kwa hiyo hapa LED moja ya simu hushinda tochi yenye kioo kikubwa. Tochi ikisogezwa karibu na kawa, ususi wa kivuli hukua. Kawa likisogezwa karibu na uso, hujibana na kuwa mkali zaidi. Uso uliopigwa hivyo hauhitaji pambo lingine.

Nje ya mji, kazi inayovutia wengi ni mti au jengo chini ya nyota. Mibuyu ya Kilifi na ya Dodoma ni mifano inayofaa, kwa vile mti huu ukiwa umepukutika majani huonyesha matawi yake yote. Nyota zinahitaji ISO 3200, f/2.8 na muda mfupi wa kutosha zisigeuke mistari. Hesabu inayotumika ni kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 20 kwenye kamera ya sensa kubwa inaruhusu sekunde 25, na kwenye kamera ya sensa ndogo kama 16. Katika nchi zilizo jirani na Ikweta ni busara kupunguza zaidi, kwa sababu nyota za utosini ndizo zinazokimbia kwa kasi kubwa mbele ya kamera, na huko mwendo wake ni karibu mstari ulionyooka kutoka mashariki kwenda magharibi. Kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana angani jioni za Juni hadi Agosti, miezi ambayo sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya ya bara huwa kavu. Mwezi mpevu uepukwe, kwa kuwa hufifisha nyota zote ndogo.

Kwa vipimo hivyo tochi ya kawaida ni kali mno. Lumeni 10 hadi 20, kwa umbali wa mita kumi, kwa sekunde chache tu, zinatosha kuutoa mbuyu gizani. Tochi isiyo na ngazi ya chini kiasi hicho hufunikwa karatasi mara tatu nne, au huelekezwa ardhini ili kinachofika mtini kiwe mwanga uliorudi kutoka mchangani. Mwenye kumulika asisimame kwenye kamera. Atembee hadi ubavuni mwa mti, nyuzi 60 hadi 90 kutoka mstari wa kamera, ili mikunjo ya gome itoke. Mtu wa pili akijificha nyuma ya shina na kumulika mandhari ya nyuma kwa sekunde moja, mti unapata ukingo unaoutenga na giza. Fokasi ya nyota hutafutwa kwa kukuza nyota moja angavu kwenye kioo na kuzungusha lenzi mpaka iwe nukta ndogo kabisa.

Kuna kazi nyingine ambayo tochi haimuliki kitu, bali huwa yenyewe ndiyo kitu kinachoonekana. Huigeukia kamera na kuchora hewani. Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1889 Étienne-Jules Marey na Georges Demenÿ, watafiti wa mwendo nchini Ufaransa, walifunga balbu ndogo kwenye viungo vya mtu na kupiga picha ya mapito yake alipokuwa akitembea. Karibu na 1914 Frank na Lillian Gilbreth wa Marekani walifunga taa ndogo mikononi mwa wafanyakazi ili kuona mikono yao inapoteza wapi mwendo. Walichotafuta wote hao kilikuwa sayansi na ufanisi wa kazi. Uzuri ulikuja wenyewe. Mwaka 1949 Gjon Mili, mzaliwa wa Albania aliyefanyia kazi jarida la LIFE, alimwendea mchoraji Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, akamwonyesha picha za wachezaji wa barafuni waliofungwa taa kwenye viatu vyao. Picasso akachukua taa ndogo na kuanza kuchora gizani viumbe nusu mtu nusu farasi, mafahali na nyuso, kwa mkono mmoja usiokatika. Mili alitumia flashi kumwonyesha Picasso mwenyewe, na shata iliyokaa wazi kuuonyesha mchoro.

Njia hiyo ya Mili bado ndiyo bora kwa anayetaka mchoraji na mchoro vionekane pamoja. Shata hufunguliwa, mchoro huchorwa gizani kwa tochi ndogo, na mwishoni mchoraji hutulia tuli na kumulikwa mara moja kwa flashi au kwa sekunde moja ya tochi nyingine. ISO 100 na f/8 hadi f/11 hutosha kufanya mstari uwe mwembamba na safi. Maneno yanayoandikwa hewani na mtu anayeitazama kamera hutokea kinyumenyume kwenye picha. Msanii Man Ray alifanya hivyo mwaka 1935 katika picha yake iitwayo Space Writing, na ilipita miaka mingi mpaka 2009 ambapo mpigapicha Ellen Carey aliisoma kwa kioo na kukuta kwamba ile mizunguko ilikuwa jina la Man Ray mwenyewe. Anayetaka maandishi yasomeke aigeuze picha baadaye kwenye programu, jambo la sekunde moja, kuliko kuhangaika kuandika kinyume. Kati ya herufi na herufi tochi hufunikwa kwa kiganja ili mstari ukatike. Herufi za chapa ni rahisi kuliko za mwandiko, na neno fupi lina nafasi zaidi ya kufaulu.

Kufanya kazi hii usiku kuna wajibu wake. Mtu anayetembeza tochi kwenye ukuta wa nyumba ya watu saa nne usiku hufanana na mwizi, na mlinzi hana njia ya kumtofautisha. Wenye nyumba waombwe mchana, mlinzi ajulishwe, na wajumbe wa mtaa wakijua ni bora zaidi. Kwenye magofu na hifadhi, ruhusa ya kuingia mchana si ruhusa ya usiku, kwa hiyo iulizwe mahususi. Mwanga usielekezwe barabarani kwa madereva wala machoni mwa mtu, hasa tochi zinazozidi lumeni 1000. Leza isitumike kabisa kwa kazi hii, kwani miale yake ikiingia kwenye lenzi huweza kuua sensa, na machoni madhara yake ni ya kudumu. Fukwe ambazo kasa hutaga, kama za Watamu, Kiunga na Mafia, ziachwe na giza lake: mwanga mweupe humrudisha baharini jike aliyekuja kutaga, na huwapotosha watoto wa kasa wanaotafuta maji kwa kufuata upande wenye nuru.

Kazi kubwa zaidi ya uwezo wa sekunde 30 hugawanywa. Kamera ikiwa haijaguswa, hupigwa picha moja ya msingi yenye mandhari na anga, kisha picha kadhaa, kila moja ikimulika sehemu moja tu: mwimo wa kushoto, boriti ya juu, kizingiti, ukuta wa pembeni. Vipimo na mizani ya rangi havibadilishwi kati yake. Kwenye kompyuta picha hizo hupangwa kwa tabaka na kuunganishwa kwa hali inayochagua, katika kila nukta, ile iliyo angavu kuliko nyingine. Kwa kuwa sehemu zisizomulikwa ni nyeusi, kila tabaka huleta kipande chake bila kuharibu vingine. Kipande kilichokosewa hutupwa na kurudiwa peke yake, na mwangaza wa kila kipande huweza kupunguzwa mpaka vilingane. Mashindano mengine ya picha hukubali shata moja tu, kwa hiyo masharti yasomwe kabla ya kupeleka picha ya tabaka. Faili zihifadhiwe kwa muundo wa RAW, ambao hubeba rangi na vivuli vingi kuliko JPEG na huruhusu mizani ya rangi kurekebishwa baadaye. Kamera nyingi zina mpangilio wa kusafisha chembechembe za picha ndefu kwa kupiga picha ya pili yenye giza kwa muda uleule. Mpangilio huo huzimwa wakati wa kupiga tabaka, kwa sababu kila sekunde 30 za kazi huongeza sekunde 30 za kusubiri, na betri ya kamera, pamoja na ya tochi, huisha kabla mlango haujakamilika.